Daraja la Kwanza Bila Nafasi: Jinsi ya Kupima Uwezekano wa Kudahiliwa Udaktari

Mwezi Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, karatasi moja husomwa kwa macho mawili. Mama huona maneno "Daraja la Kwanza, pointi 9" akapiga vigelegele. Mtoto, ambaye majirani wamekuwa wakimwita "daktari" tangu angali kidato cha pili, huiona hiyo 9 akanyamaza. Wiki kadhaa baadaye chuo hutoa orodha ya waliochaguliwa kusomea udaktari wa tiba, na jina lake halimo. Ndugu huanza kutafuta mchawi, au mtu wa kupewa chochote, ilhali jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ile karatasi tangu mwanzo.

Hakuna aliyeisoma vibaya. Tatizo ni kwamba mwanafunzi mmoja hupimwa kwa mizani miwili inayokwenda kinyume. Kwa Baraza la Mitihani, alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5. Mwenye pointi chache ndiye bora, na daraja la kwanza huanzia pointi 3 hadi 9. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1; mwenye pointi nyingi ndiye bora, na kilele cha masomo matatu ni 15. Kwa mwanafunzi ambaye alama zake zote ziko kati ya A na E, njia ya mkato ni kutoa pointi za Baraza kutoka katika 18. Mwenye 3 hupata 15. Mwenye 9, yule wa vigelegele, hubaki na 9 ileile, maana ana C tatu au mchanganyiko unaolingana na huo. Mwenye 12, ambaye yuko daraja la pili, hubaki na 6.

Hiyo 6 ndiyo inayowachanganya wengi. Katika miongozo ya udahili ya miaka ya karibuni, sifa ya chini ya kuomba Shahada ya Udaktari wa Tiba kwa mhitimu wa kidato cha sita imekuwa ufaulu katika fizikia, kemia na baiolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6, huku kila somo likiwa na angalau D. Kwa maneno mengine, D tatu zinatosha kuomba. Sharti la D kwa kila somo nalo lina makali yake. Mwanafunzi mwenye A ya kemia, A ya baiolojia na E ya fizikia ana pointi 11, lakini kwa kanuni hiyo hana sifa, wakati mwenzake mwenye D tatu anayo. Mzazi asiyejua hili hujumlisha pointi, akaona 11 ni nyingi kuliko 6, akalipa ada za maombi.

Kuruhusiwa kuomba ni jambo moja, kuchaguliwa ni jingine. Chuo hupanga waombaji wenye sifa kwa ufaulu wao, kikashuka kutoka juu hadi nafasi zinapokwisha. Mahali nafasi zinapokwishia ndipo ulipo mstari wa kweli, nao haumo katika mwongozo wowote, kwa sababu haujulikani hadi maombi yote yawe yamefika. Hupanda mwaka ambao wengi wamefaulu baiolojia na kemia, na hushuka mwaka ambao mtihani umekuwa mgumu au chuo kimeongezewa nafasi. Mstari wa chuo kikongwe cha umma kama Muhimbili, ambacho mizizi yake inafika mwaka 1963 ilipoanzishwa shule ya tiba ya Dar es Salaam, hauwezi kuwa sawa na wa chuo kichanga au cha binafsi chenye ada kubwa zaidi.

Hesabu ya mganga

Watumishi wa afya wanaijua namna nzuri ya kufikiri juu ya jambo hili, ingawa wengi wao huisahau zamu inapofika kwa watoto wao wenyewe. Mgonjwa anapouliza kama atapona, daktari makini haanzi na matumaini yake wala na huruma yake. Huanza kwa kujiuliza: kati ya wagonjwa mia moja wa aina hii, wenye umri huu na hatua hii ya ugonjwa, wangapi hupona? Baada ya hapo ndipo hutazama yaliyo ya pekee kwa mgonjwa huyu, akapandisha au akashusha makadirio yake.

Kwa mwombaji, swali la kwanza ni lilelile. Mwongozo wa Tume huonyesha idadi ya nafasi kwa kila programu ya kila chuo. Matokeo ya kidato cha sita huwekwa hadharani shule kwa shule, hivyo yeyote mwenye subira anaweza kuona jinsi waliosoma fizikia, kemia na baiolojia walivyofaulu mwaka huo katika shule zinazoongoza. Wanafunzi waliotangulia, ambao tayari wako mwaka wa kwanza, watakueleza waliingia na pointi ngapi. Ukiwauliza watano au sita wa chuo kimoja, picha huanza kujitokeza. Makadirio ya namna hii hayana usahihi wa maabara, lakini yana thamani kubwa kuliko kauli ya mjomba kwamba "mtoto wetu ana akili, hawawezi kumwacha."

Kosa linalofuata ni la ujanja zaidi. Mwombaji hujisemea kuwa kila chuo kina uwezekano wa kumi kwa mia wa kumchukua, hivyo akiomba vyuo vitano atakuwa karibu na nusu. Kwa hesabu ya kurusha sarafu angekuwa sahihi: jibu lingekuwa kama 41 kwa mia. Lakini vyuo hivyo havirushi sarafu. Vyote vinatazama karatasi ileile, alama zilezile na masomo yaleyale. Aliyekataliwa na cha kwanza kwa sababu ya pointi 8, yamkini atakataliwa na cha pili na cha tatu vyenye ushindani huohuo, kwa sababu hiyohiyo. Ni sawa na kurudia kipimo kilekile kwa damu ileile ukitarajia majibu mapya. Mwombaji mwenye hekima huchagua ngazi tofauti: chuo anachokitamani, chuo ambacho wenye alama kama zake wamekuwa wakiingia, na programu nyingine ya afya ambayo yuko tayari kuisoma bila kununa. Uuguzi, famasia, sayansi za maabara na afya ya mazingira ni taaluma kamili, na anayeziingia akiziona kama kituo cha basi huwa mzigo kwa wagonjwa na kwake mwenyewe.

Tabibu anayerudi shuleni

Kundi jingine la waombaji halizungumzwi sana, nalo linasoma jarida hili likiwa kazini. Ni matabibu wenye stashahada, walioko katika zahanati na vituo vya afya, ambao kwa miaka wamekuwa wakipokea akina mama usiku, wakishona majeraha na kutibu malaria kali, na sasa wanataka kuwa madaktari. Kwao sifa iliyozoeleka ni Stashahada ya Utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Wengi huishia kusoma hapo. Sentensi inayofuata katika mwongozo ndiyo inayowaangusha: mwombaji awe pia na angalau D ya kidato cha nne katika hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza.

Hebu fikiria tabibu mwenye GPA ya 4.2, mwenye uzoefu wa miaka minane, aliyepata F ya hisabati akiwa na miaka kumi na saba. Uwezekano wake ni sifuri, wala hauongezwi na barua ya mganga mkuu wa wilaya. Mtu anaweza kuona si haki kwamba alama ya utotoni inapita miaka minane ya kazi, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ni kasoro inayotibika. Anaweza kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, akarudia hisabati peke yake katika mtihani wa kidato cha nne wa mwezi Novemba, na matokeo yakitoka akaomba katika dirisha linalofuata. Aliyeligundua hili baada ya kukataliwa hupoteza mwaka mmoja au zaidi. Aliyeligundua mapema hupoteza jioni kadhaa za kusoma. Tabibu huyo ahakikishe pia kwamba namba ya uhakiki wa tuzo yake imeshapatikana kabla ya dirisha kufunguliwa, kwani bila namba hiyo mwenye stashahada hawezi kukamilisha maombi.

Vyuo vya mbali

Baadhi ya familia hutazama ng'ambo. Huko hesabu ni nyingine kabisa. Chuo Kikuu cha Harvard kwa miaka ya karibuni kimekuwa kikidahili chini ya waombaji 5 katika kila 100 kwa shahada ya kwanza, na hiyo si shahada ya udaktari. Nchini Marekani mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo huomba chuo cha tiba, na vyuo vingi vya tiba vya huko havipokei maombi ya wageni wasio na ukaazi wa kudumu. Vyuo hivyo hutazama insha, barua za walimu, mahojiano na historia ya huduma kwa jamii, mambo ambayo hayaingii katika jedwali la pointi. Hata hivyo, chama cha vyuo vya tiba vya Marekani kinafanya jambo la kuigwa: hutoa jedwali la wazi linalolinganisha alama za chuoni na za mtihani wa kuingilia tiba na idadi ya waliopata nafasi. Katika kisanduku cha juu kabisa cha jedwali hilo, penye waombaji bora kuliko wote, bado zaidi ya mmoja kati ya kumi hukosa. Wakala anayemwambia mzazi wa Mbeya au Tanga kwamba nafasi ya nje ni "uhakika", mradi malipo ya awali yafanyike wiki hii, anauza kitu ambacho wenye vyuo wenyewe hawana.

Ni vema pia kukumbuka kwamba wanaochagua nao hukosea. Shule ya tiba ya Hospitali ya St George's, London, ilitengeneza programu ya kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuchuja waombaji, ikaifundisha kuiga uamuzi wa wachaguzi wake wa awali. Programu iliiga vizuri mno. Mwaka 1988 Tume ya Usawa wa Rangi ya Uingereza ilithibitisha kwamba wanawake na wenye majina yasiyo ya Kizungu walikuwa wakipunguziwa alama, jambo ambalo wachaguzi binadamu walikuwa wakilifanya kabla ya mashine. Huko Houston, Texas, mwaka 1979, bunge la jimbo liliagiza shule ya tiba iongeze wanafunzi kutoka 150 hadi 200 wakati uchaguzi ulikwisha kufanyika. Hamsini wa nyongeza walitolewa miongoni mwa waliokuwa wamekataliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 haukuona tofauti ya maana kati yao na wenzao, si darasani wala katika mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu.

Kijana aliyekosa nafasi hawezi kufarijiwa kwa habari za Houston siku ileile. Katika wiki za matokeo, wauguzi na matabibu wanaowapokea vijana wenye maumivu ya kichwa yasiyoisha, kukosa usingizi au kukataa chakula wasiishie kuandika dawa ya maumivu. Waulize kuhusu matokeo. Kijana akijitenga, akigawa vitu vyake au akisema hana faida tena, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na jibu lake huamua kama atarudi nyumbani peke yake au atabaki chini ya uangalizi. Mzazi naye aache kumlinganisha na binti wa jirani, walau mpaka madirisha yote ya udahili yafungwe.

Maana madirisha ni zaidi ya moja. Mwanafunzi mwenye pointi 14 anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu au vinne kwa wakati mmoja, lakini atasoma kimoja tu. Tume humtaka athibitishe, na viti anavyoviacha hurudi mezani katika awamu inayofuata. Hapo mstari wa pointi huweza kushuka kidogo, na aliyekosa awamu ya kwanza kwa tofauti ndogo ana sababu ya kuomba tena. Mwenye pointi chache sana hana sababu hiyo, na ni heri nauli yake itumike kwa programu anayoweza kuipata.

Uthibitisho hufanywa kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu iliyoandikwa katika fomu ya maombi. Mara nyingi simu hiyo ni ya mwenye duka la intaneti aliyejaza fomu, au ni laini ya kaka ambayo imekwisha kufungwa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, mwombaji aiandike namba anayoishika yeye mwenyewe, na simu hiyo ibaki hewani hadi vyuo vifunguliwe.