Tindikali ya Udongo na Njaa ya Mahindi

Katika nyanda za Trans Nzoia na Kakamega, na kadhalika katika vilima vya Njombe na Mbinga, ambako mvua ni nyingi na ardhi imelimwa miaka mingi, hutokea mara kwa mara kwamba mahindi yaliyotiwa mbolea kwa wakati wake hugeuka manjano katika majani ya chini, umanjano ukianzia nchani na kuufuata mshipa wa kati, dalili ambayo kila bwana shamba huitambua kuwa ni upungufu wa naitrojeni. Na mwenye shamba, akisha kuambiwa hivyo, huenda dukani akanunua mfuko mwingine. Ushauri huo si wa uongo, walakini ni nusu ya kweli, maana aghalabu naitrojeni imo ardhini tele, ila mmea hauipati.

Udongo ambao naitrojeni yake ni sehemu 1 tu katika 1,000 huwa na takriban kilo 2,000 za naitrojeni katika tabaka la juu la hekta moja, yaani kile kina kinachofikiwa na jembe. Hiyo ni akiba si haba. Lakini karibu yote imefungwa ndani ya mboji, wala mizizi haiwezi kuinyonya mpaka vijidudu wayaozeshe mabaki ya mimea na kuitoa kwa sura ya amoniamu, kisha wengine waigeuze amoniamu kuwa nitriti, na wengine tena nitriti kuwa nitrati, ambayo huyeyuka upesi na kusafiri pamoja na maji hadi mizizini.

Kwamba kazi hiyo ni ya viumbe hai, wala si ya kemia peke yake, ilithibitishwa Ufaransa mnamo 1877 na mabwana Schloesing na Müntz, waliopitisha maji machafu polepole katika bomba lililojazwa mchanga na unga wa mawe ya chokaa. Zikapita siku kama 20 pasionekane kitu, ndipo nitrati ikaanza kutoka, na walipotia mvuke wa klorofomu, dawa iliyokuwa ikitumika siku hizo kulaza wagonjwa, nitrati ikakoma. Mimi hupendezwa zaidi na ile chokaa iliyokuwamo bombani, kwani tindikali inayozaliwa katika ugeuzaji ule huwadhuru wale wale wanaougeuza, na pasipo kitu cha kuizimua huenda majaribio yale yasingalifika mbali.

Kipimo cha tindikali ni pH, kilichobuniwa na Sørensen wa Denmark mwaka 1909, ambacho 7 ndiyo katikati yake, na kila nambari moja ukishuka tindikali huongezeka mara 10, hata udongo wa 5 ukawa mkali mara 100 kuliko ule wa 7. Bakteria wa nitrati hustawi karibu na 7. Chini ya 6 huzidi kuzembea, na chini ya 5 kazi yao hufifia mno, na hata wale waozeshao mboji hupunguza mwendo. Sisemi kwamba hukoma kabisa, kwa sababu mnamo 2011 wataalamu wa Aberdeen, Uskoti, walieleza kiumbe wa udongo mkali aifanyaye kazi hiyo pasipo taabu. Lakini mkulima wa mahindi asimtegemee huyo.

Fauka ya hayo, pH ikishuka chini ya 5.5 au hivi, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huyeyuka na kuvidhuru vichwa vya mizizi, ikawa mifupi, minene, isiyo na matawi, nayo haiwezi kuzifuata nitrati zinazoshuka chini pamoja na maji ya masika. Hapo hata mbolea iliyomwagwa kwa ukarimu hupita bila kuguswa. Kunde na maharagwe nazo haziokoki, kwani bakteria wa vifundo vya mizizi yake hudhoofika katika tindikali, na molibdeni, madini ambayo bila hayo hawawezi kuifunga naitrojeni ya hewa, hushikwa na udongo.

Lililo zito zaidi ni kwamba mbolea yenyewe huzidisha ukali. Kila chembe ya amoniamu inapogeuzwa nitrati, huacha tindikali nyuma. Mmea ukiinywa nitrati, mizizi yake hurudisha sehemu ya kizimuo, lakini mvua ikiizoa kabla haijanywewa, tindikali hubaki pale pale. Salfeti ya amonia ndiyo kali kuliko zote za kawaida: kilo 100 zake huhitaji takriban kilo 110 za chokaa safi ili kufuta athari yake. Urea na DAP ni nafuu, ingawa nazo huchachua; CAN, iliyochanganywa na chokaa tangu kiwandani, haina madhara makubwa.

Chai ni kinyume cha mahindi: huipenda amoniamu na huivumilia alumini, ndiyo maana mashamba ya Kericho hayatiwi chokaa ovyo. Kwa mahindi na maharagwe, chokaa ya kilimo iliyosagwa laini ndiyo dawa, kwa kiasi kitakachoonyeshwa na upimaji, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huhitaji nyingi kuliko wa kichanga wenye pH ile ile. Sharti ifukiwe kwa jembe, wala isiachwe juu, maana hushuka kwa ajizi kubwa, nayo itangulie kupanda kwa majuma kadhaa. Urea isimwagwe juu ya ardhi iliyotiwa chokaa upya, kwani amoniamu hugeuka pale pale kuwa hewa ya amonia na kupaa. Ifukiwe ndani ya udongo wenye unyevu, au itumike CAN badala yake.