Pikipiki kwenda Tanga: Msafara hukwamia kwenye karatasi

WAENDESHAJI pikipiki wanaofunga safari kwa kundi kutoka Mombasa hadi Tanga huhofia barabara, ilhali kinachowachelewesha zaidi ni karatasi.

Katika kivuko cha Likoni kundi hutawanyika: wa mbele huingia ferini, wa nyuma husubiri chombo kingine. Yafaa wakubaliane mapema watakapokutana ng'ambo, wasije wakafukuzana kuelekea Ukunda.

Kazi yenyewe iko Lungalunga mpakani, takriban kilomita 100 kutoka Mombasa. Kila mmoja huhitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, stakabadhi za umiliki wa pikipiki na kibali cha kuiingiza Tanzania kwa muda. Aliyeazima pikipiki awe na barua ya idhini ya mwenyewe. Huyu ndiye aghalabu huwaweka wenzake juani.

Kuna pia kadi mbili za manjano, ambazo wengi huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya bima ya COMESA, inayomkinga mwendeshaji dhidi ya madai ya aliyemgonga ugenini. Asiye nayo akimjeruhi mtu huko Mkinga, huenda akalipa gharama zote kutoka mfukoni mwake. Kadi hiyo hutolewa na kampuni za bima, na ni heri kuichukua kabla ya kuondoka Mombasa.