Mjukuu Wangu Amevalishwa Sketi!

Mwaka jana bibi mmoja wa kikundi chetu cha akina mama alikuja kwenye kipindi akiwa amenuna. Binti yake ni muuguzi, ameolewa huko Uskoti na kijana wa huko huko, nao wamejaliwa mtoto wa kiume. Siku hiyo alikuwa ametumiwa picha kwenye simu. Mtoto wa miaka sita amesimama uwanjani katika kijiji cha Braemar, amevaa sketi ya marinda yenye miraba myekundu na ya kijani, soksi ndefu hadi chini ya magoti, na kijimfuko cha ngozi kinaning'inia mbele. Baba yake kando, naye vivyo hivyo.

"Mjukuu wangu amevalishwa sketi," bibi akasema. "Na baba mtu anacheka!"

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Wengine tulicheka kimoyomoyo. Mwenzetu mmoja akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, panapokatazwa mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Bibi akasema hataitundika picha hiyo ukutani, wala hatakwenda kuwatembelea kama walivyomwomba. Sisi tulio wauguzi tumezoea kumuuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa, kwa hiyo tukaomba muda tusome kwanza.

Shuka la mchana na usiku

Vazi lile huitwa kilti, nalo ni la wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti, nchi ya milima, mvua na upepo. Halikuanza kama sketi. Tangu mwisho wa karne ya 16 wanaume wa huko walivaa shuka moja kubwa la sufu, lenye urefu wa mita nne hadi sita, lililounganishwa vipande viwili ili kupata upana. Mtu alilitandaza chini, akalikunja marinda kwa mkono, akalala juu yake, akajizungushia na kufunga mkanda kiunoni, ndipo akainuka. Sehemu ya chini ilifika magotini. Ya juu aliitupa begani, au akajifunika kichwa mvua iliponyesha. Usiku alifungua mkanda, na shuka likawa blanketi. Mama yeyote aliyewahi kubebea mtoto, kujitandia na kulalia kanga ile ile moja ataelewa akili ya vazi hilo bila kuelezwa zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 18 sehemu ya juu iliachwa, ikabaki ya chini peke yake, na baadaye marinda yakashonwa kabisa. Kilti ya siku hizi ya mtu mzima humeza zaidi ya mita saba za kitambaa, na marinda yote hukaa nyuma. Haina mifuko, ndiyo maana ya kile kijimfuko cha mbele. Iliyoshonwa kwa mkono hugharimu mamia ya pauni, hivyo wengi hukodi. Ya mtoto huweza kushonwa na pindo la akiba la kushushwa kadiri anavyokua, kama tunavyofanya na sare za shule.

Wavulana nao walitajwa

Hapa ndipo bibi alipoacha kununa akaanza kusikiliza.

Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la Mwanamfalme Charles Edward Stuart, lenye watu wengi wa Nyanda za Juu, lilishindwa na jeshi la serikali mahali paitwapo Culloden. Mapigano hayakufika saa nzima. Mwaka huo huo bunge la London lilipitisha sheria ya mavazi, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747. Mwanamume au mvulana yeyote katika Uskoti, isipokuwa askari wa mfalme, akionekana amevaa kilti, kifungo chake kilikuwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo kwenye mashamba ya makoloni kwa miaka saba. Wapo wa Nyanda za Juu waliokuwa upande wa mfalme, lakini sheria haikuwabagua.

Tuliisoma mara mbili: mwanamume au mvulana. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mtoto wa miaka sita iliyomkuta ilipoanza alikuwa na miaka 41 ilipoondolewa, pengine ana watoto wake ambao hawakumwona baba yao hata siku moja katika vazi la babu yao. Wengi baadaye walifukuzwa kwenye ardhi ili nafasi wapewe kondoo, wakapanda meli kwenda Kanada na Marekani.

Wanawake hawakutajwa katika sheria ile. Wao walikuwa na vazi lao liitwalo arisaidi, shuka refu kutoka shingoni hadi visiginoni. Martin Martin, mwenyeji wa visiwa vya huko, aliliandika mwaka 1703: jeupe, lenye mistari michache ya rangi, limefungwa kifuani kwa bizimu ya fedha au ya shaba. Na kitambaa chenyewe, cha mume na cha mke, kilipita mikononi mwa akina mama. Walisokota sufu na kuitia rangi kwa mimea na kwa ukoga wa mawe. Kisha walizunguka ubao mrefu wakikipigapiga kitambaa kilicholoweshwa mkojo uliochacha, huku wakiimba kwa kupokezana, mpaka kikakaza na kuzuia upepo. (Msikunje pua. Mkojo uliochacha huondoa mafuta ya sufu.)

Kwenye tamasha

Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, naye akavaa kilti, juu ya soksi ndefu za rangi ya waridi! Mwaka 1848 Malkia Victoria alihudhuria michezo ya Braemar, na vazi la waliofungwa likawa vazi la heshima. Wauzaji nao walichangamka. Wakikuambia kwamba kila ukoo una miraba yake tangu kale, usiamini yote, kwa maana mingi ilipewa majina ya koo katika karne ya 19.

Michezo ya Braemar hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Wanaume wenye kilti huinua gogo zima la mti na kulirusha lipinduke, na mshindi si aliyelitupa mbali bali aliyeliangusha likanyooka mbele yake kama mshale wa saa sita. Kuna zumari za mfuko, ngoma, na kuvuta kamba. Kanada, Maxville hukusanyika tangu 1948. Marekani, mlimani Grandfather Mountain, tangu 1956. Huko Lorient, Ufaransa, tangu 1971 hukutana Wakelti wa nchi mbalimbali. Katika matamasha mengi ya namna hiyo utawakuta pia wanaovaa lile shuka kubwa la zamani, wakilala chini mbele ya watoto kuonyesha lilivyofungwa.

Kuhusu Kumbukumbu la Torati, tulimjibu mwenzetu kwamba kule kilti ndiyo suruali. Waliowahi kukatazwa ni wanawake! Miaka ya 1950 wakuu wa michezo ya Aboyne waliona haifai wasichana kucheza ngoma wakiwa na kilti za kiume, ndipo likabuniwa gauni lao. Siku hizi wanawake wapiga zumari huvaa kilti bila ugomvi.

Na swali lile mlilotaka kuuliza, la nguo ya ndani? Sisi wauguzi tunasema ivaliwe, hasa na wenye kurusha magogo.

Jambo moja tulimwandikia binti moja kwa moja. Kwenye nyasi za milima ile kuna kupe, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Magoti ya mtoto yako wazi. Jioni akaguliwe nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye nywele. Kupe akikutwa, ashikwe na kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu bila kupindishwa. Asipakwe mafuta wala kuchomwa moto. Likitokea doa jekundu linalotanuka, au homa, katika wiki zinazofuata, aende kwa daktari na amweleze habari za kupe.

Picha sasa iko ukutani kwa bibi, karibu na ya marehemu mumewe. Safari ni Septemba. Juzi alitujia na karatasi ya mizigo: sweta mbili, koti la mvua, viatu vya kufunika.

"Na mimi je, nivae nini uwanjani?"

Tukamwambia avae kitenge chake kizuri, ila achukue pini imara. Wakwe wa binti wamesema watampa ukanda wa miraba yao auvike begani, na upepo wa Braemar, tumeambiwa, haumheshimu bibi wa mtu.