Shangazi alipofuata majani chai hadi baharini

MWENDA tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wahenga. Shangazi yangu, mkulima mdogo wa majani chai kutoka Bomet, hakuwa amewahi kuona tezi wala omo hadi alipotimiza umri wa miaka 67.

Kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akirauka alfajiri, kapu mgongoni, kuchuma majani mawili na kichipukizi na kuyapeleka katika kituo cha kununulia majani. Kila bonasi inapotangazwa, swali lake huwa lile lile: "Nani hupanga hii bei?" Jibu nalo huwa moja: "Mombasa."

Bonasi ilipopungua tena, aliamua kwenda kujionea. Nikamsindikiza. Tulipitia Narok kwa basi hadi Nairobi, kisha tukapanda treni ya reli ya kisasa.

Ghorofa baharini

Asubuhi iliyofuata tulikuwa bustani ya Mama Ngina, meli ya watalii ikiingia bandari ya Kilindini. Meli hizi huja zaidi kati ya Novemba na Aprili, na aghalabu abiria hupewa siku moja tu kuzuru mji.

Shangazi alizihesabu ghorofa zake, akakata tamaa. "Watu wote hawa," akauliza, "ng'ombe wamemwachia nani?"

Tulikutana nao tena Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kujenga mwaka 1593 na Waarabu wa Oman wakaitwaa mwaka 1698. Wageni walipiga picha kuta. Shangazi alizigusa kwa kiganja, akasema waliozijenga hawakuwa na haraka.

Katika Mji wa Kale, muuzaji mmoja alitukaribisha chai ya rangi yenye iliki na tangawizi, pamoja na mahamri. Shangazi, ambaye kwake chai bila maziwa ni maji ya moto, alikunywa vikombe viwili.

"Majani haya yametoka wapi?"

"Sijui mama. Mimi hununua dukani."

Ulimi wa mtu

Jioni ilikuwa ikikaribia tulipofika Barabara ya Nyerere, kwenye jumba la biashara ya chai. Mnada wenyewe ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Shangazi alitarajia kuona watu wakipaza sauti kama soko la ng'ombe. Bawabu akatabasamu: "Mama, siku hizi mnada uko kwenye kompyuta."

Ni kweli. Tangu mwaka 2020 wanunuzi hushindana kupitia mitambo. Tukakaa kivulini nikamweleza: chai ya kiwanda huletwa katika maghala ya Mombasa, sampuli hugawiwa wanunuzi, waonjaji huionja, kisha kila shehena hutolewa bei kwa dola. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa. Ndiyo maana viwanda viwili vinaweza kupata bei tofauti siku moja, na ndicho kilio cha miaka mingi cha wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ambao bonasi yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki.

Alinyamaza kitambo.

"Kwa hivyo bei yangu hupangwa na ulimi wa mtu nisiyemjua?"

"Kwa kiasi kikubwa, ndiyo."

"Na nikichanganya majani yaliyokomaa ili kilo ziongezeke, huo ulimi utajua?"

"Utajua, shangazi."

Hakuniambia kama huwa anafanya hivyo. Nami sikuuliza.

Tuliporudi bustanini, meli ilikuwa ikitoka mlangoni mwa bahari, taa zake zikiwaka. Watalii walikuwa wameuona mji. Shangazi alikuwa ameona jumba lililofungwa na bahari. Lakini yeye ndiye aliyerudi na maswali.

Nyumbani Bomet, wajukuu wanaomsaidia kuchuma wananung'unika: jani gumu halipiti tena kapuni mwake. Na katika mkutano wa wakulima uliofuata, alisimama akawauliza wakurugenzi swali jipya: "Chai yetu ilipata dola ngapi kwa kilo, na waonjaji walisema ina kasoro gani?"

Waliahidi kumletea jibu. Angali analisubiri, na ameapa kuuliza tena.