Unataka Sungura wa Kulea? Wachana na Kale Kadogo, Mcheki Yule Mkubwa wa Macho Mekundu

Umeona zile video TikTok, sungura amelala kwa sofa amenyoosha miguu nyuma kama landlord, ukajiambia hiyo ndiyo kampani unataka kejani. Na badala ya kununua, umeamua utachukua mmoja ambaye tayari anatafuta nyumba. Hapo umefanya poa, heko. Ngori iko siku ya kuchagua. Wasee wengi wakifika pale wanaenda moja kwa moja kwa kale kadogo zaidi, kale kanatoshea kwa kiganja, wanapiga selfie, wanasepa nako. Miezi mitatu baadaye wanatafuta mtu wa kumpatia.

Na huku kwetu tunajua sungura akipeanwa mara ya pili huwa anaishia wapi. Kwa sufuria. Simhukumu mtu anayekula sungura, nyama ni nyama, lakini kama ulimtoa mahali ukisema unamuokoa, basi mwokoe kabisa.

Kwanza elewa hawa sungura wanatoka wapi, kwa sababu hiyo ndiyo inaamua utampata wa aina gani. Kenya sungura hajakuwa mnyama wa sofa. Ni mnyama wa kibanda nyuma ya nyumba, kazi ya vijana wakitoka shule. Halafu ikaja ile miaka kila mtu alikuwa anaambiwa sungura ni doo: nyama itaenda hoteli kubwa, mkojo utauzwa kwa lita kama mbolea. Watu wakajenga vibanda vya ghorofa, soko likakuwa gumu, wakabaki na wanyama wanakula kila siku na hakuna anayepiga simu. Ongeza wale walionunuliwa kama zawadi ya birthday, ongeza msee amepata kazi Qatar na hana wa kumwachia. Hao ndio wanatafuta nyumba.

Kwa hivyo usitarajie vile visungura vya mfukoni vya Ulaya. Wengi utakaowapata ni New Zealand White, California, Flemish Giant, au chotara wa hao wote. Ni sungura waliofugwa wawe na nyama. New Zealand White akikomaa anafika kilo 4 hadi 5, na Flemish Giant anapita kilo 6. Kale kadogo unakobeba kwa kiganja leo, kakifika mwaka mmoja kanaweza kuwa na uzito kuliko paka wa jirani. Hakuna kitu kibaya hapo, ni vile tu ujue mapema.

Sasa tuongee kuhusu umri, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mtoto wa sungura hana tabia bado. Leo ni mpole kwa sababu ni mtoto na anaogopa. Akifika miezi minne hadi sita, homoni zinaingia, na ghafla huyo malaika anakojolea kitanda chako, anakuzunguka miguu akitaka kukupanda, anang'ata mkono ukiingia kwa kibanda chake. Si ati amekuchukia. Ni balehe, hata wewe ulikuwa hivyo form two.

Lakini mwenye nyumba amechoka, anasema "huyu sungura ni mkali", anampeana. Ukimchukua sungura wa mwaka mmoja, miwili au hata minne, hiyo movie imeisha. Unachoona ndicho unachopata. Kama ni mpole leo, kesho bado ni mpole. Na usiogope kwamba umechukua mzee wa kufa kesho: sungura anayetunzwa ndani ya nyumba anaweza kuishi miaka 8 hadi 12. Piga hesabu ya kwako pia hapo. Ukiwa na miaka 24 leo, huyu ataona ukifika 30 na kitu, ataona kazi tatu na pengine harusi.

Jambo lingine la watoto: wakiachishwa ziwa mapema, tumbo linawasumbua na wanakufa haraka sana. Mtu akikwambia "huyu ana wiki nne, anakula vizuri tu", kataa. Angalau wiki nane akiwa na mamake.

Halafu kuna hii mambo ya macho mekundu. Ukiingia mahali kuna sungura kumi, wale weupe wa macho mekundu ndio wanabaki mwisho. Watu wanawaona kama wa movie ya kutisha. Na wakiona anatikisa kichwa pole pole kushoto, kulia, wanaamini kabisa kuna kitu. Boss, hakuna jini hapo. Hana rangi kwa macho, kwa hivyo haoni vizuri kama wengine, na hiyo kutikisa kichwa ni njia yake ya kupima umbali. New Zealand White na California wote wako hivyo. Na kwa sababu ni wakubwa na wamezoea kushikwashikwa na watu wa shamba, mara nyingi ndio wametulia kuliko wote. Mimi ningeambiwa nichague mmoja nikiwa nimefungwa macho, ningeomba mweupe jike wa miaka miwili.

Kumchagua mwenyewe hakutaki haraka. Usimwambie mtu akutolee sungura mikononi. Sungura ni mnyama anayewindwa, akiinuliwa juu ubongo wake unamwambia ni mwewe. Anarusha mateke, na akirusha vibaya anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Wewe omba uketi chini, sakafuni, pale walipo. Weka simu kando. Ngoja dakika 20. Kuna mwenye atakuja kukunusa kiatu, arudi, aje tena. Huyo weka kwa akili. Kuna mwenye atakaa kona, masikio yamelala mgongoni, macho yametoka, akigonga mguu chini: anaogopa, na kumzoesha kutachukua miezi. Kama uko na subira na nyumba yako imetulia, mchukue. Kama mnaishi watu sita na kuna watoi wawili wanaokimbia, mwache apate mtu mwingine. Na kuna mwenye atakuja mbio, avute lesi ya kiatu chako, kisha aruke juu akijipinda hewani. Hiyo ni raha. Huyo ni mbogi yako, lakini jua charger zako zimeisha.

Ukishapata mmoja au wawili wa kufikiria, sasa mwambie anayewatunza amshike vizuri, mkono mmoja kifuani, mwingine makalioni, ucheki mwili. Anza na masikio. Ndani yakiwa na magamba ya kahawia yaliyokauka, huyo ana utitiri, na huku kwetu ni kawaida sana. Inatibika, lakini uliza kama ameanza dawa. Pua iwe kavu. Halafu hapa kuna siri: angalia manyoya ya ndani ya miguu ya mbele. Sungura mwenye mafua anajipangusa na hiyo mikono, kwa hivyo pua inaweza kuwa safi lakini mikono imeshikana kama mtu aliyekula ugali bila kunawa.

Inua mdomo wa juu kidogo uone meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, kama milimita 2 kila wiki. Ya juu yanafaa kufunika ya chini kidogo tu. Yakipishana au yamepinda, kila baada ya wiki chache utakuwa kwa daktari. Angalia nyayo za nyuma, hasa kama amelala kwa sakafu ya waya, utakuta vidonda. Angalia nyuma kama kumechafuka na mavi laini. Na usione haya, angalia choo sakafuni: kinafaa kuwa vidonge vya mviringo, vingi, vya saizi moja. Choo cha sungura kinakuambia mambo mengi kuliko mwenye kumpeana.

Shingo ikiwa imepinda upande mmoja, uliza daktari amesema nini. Kuna wanaoishi hivyo miaka na wako fiti, lakini si sungura wa mtu anayeanza.

Kuhusu jike au dume, swali la maana ni kama amehasiwa au ametolewa kizazi. Sungura jike anabeba mimba mwezi mmoja tu, na siku ile ile amezaa anaweza kushika nyingine. Wawili wakikuwa sita, sita wakikuwa ishirini, si hadithi. Na kutambua jinsia ya watoto wa sungura ni kazi ngumu hata kwa wazoefu, kwa hivyo "wote ni majike" iamini ukiambiwa na daktari. Jike ambaye hajatolewa kizazi pia yuko kwa hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi akizeeka.

Na hapa nitasema kitu ambacho kitakuudhi: ukiweza, chukua wawili. Sungura peke yake siku nzima ukiwa job ni mfungwa. Lakini usichukue mmoja leo na mwingine mwezi ujao ukawatupa pamoja, watapigana mpaka damu. Tafuta wawili ambao tayari wanaishi pamoja, wanalambana uso, wanalala wameegemeana. Dume aliyehasiwa na jike aliyetolewa kizazi ndio pea inayokaa vizuri zaidi. Ila dume akitoka kuhasiwa juzi, bado anaweza kupachika mimba kwa wiki kadhaa, kwa hivyo watenganishwe kwanza.

Keja yako je? Bedsita si shida, mradi usimfungie kwa kile kizimba cha kuku siku nzima. Wataalamu wa Uingereza husema wawili wanahitaji nafasi ya mita 3 kwa 2. Huwezi kumpa hiyo kama ukuta na ukuta, lakini unaweza kumpa sakafu. Joto ndilo adui. Nairobi, Limuru, Nakuru, hakuna noma. Uko Mombasa au Kisumu kwa nyumba ya mabati? Sungura hatoi jasho kama sisi, na joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzimia. Fikiria tena, au uwe na sakafu ya simiti, kivuli na chupa za maji zilizogandishwa za kulalia.

Chakula ni nyasi kavu, nyasi kavu, nyasi kavu. Robota la boma rhodes kwa agroveti linakaa muda mrefu, na ndilo linasaga meno na kusukuma tumbo. Peleti za agroveti nyingi zimetengenezwa kumnonesha achinjwe haraka, kwa hivyo mpe kidogo tu. Kishona nguo anapenda sana, chuma mbali na barabara. Karoti ni kama soda, si chakula. Majani ya ovakado, ya nyanya na ya viazi, hapana kabisa. Na ukimwona na viroboto usimpake dawa ya mbwa: ile yenye fipronil inaua sungura.

Mahali pa kuanzia Nairobi ni KSPCA, kule Langata Road, Karen. Piga simu kwanza uulize kama wako na sungura, kwa sababu mbwa na paka ndio hujaa huko. Kwingine ni watu binafsi wanaopeana wenyewe, na hao waulize maswali bila aibu: amekuwa nawe muda gani, anakula nini, amewahi kuona daktari, na kwa nini unampeana. Akikwepa hilo la mwisho, ondoka.

Kabla hujamleta, tafuta daktari wa wanyama ambaye kweli anatibu sungura. Kuna wazuri sana wa ng'ombe na mbwa ambao sungura hawajamshika tangu chuo. Njia rahisi ya kumpima: muulize kama sungura anafaa kulala njaa kabla ya upasuaji. Akisema ndiyo, tafuta mwingine. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu ndipo shida inaanza.

Siku ya kumbeba, katoni yenye matobo na nyasi ndani inatosha. Omba kiasi cha chakula alichozoea, ubadilishe pole pole kwa wiki moja au mbili. Ukifika, muweke kona yenye giza kidogo, nyasi na maji karibu, halafu umwache. Usiite majirani. Usimuogeshe, hata akinuka. Sungura anaweza kufa kwa mshtuko wa maji. Asubuhi ukiamka, kabla hata hujaweka chai, angalia chini. Ukipata vidonge vimetapakaa na nyasi imepungua, ameingia kwake. Ukipata sakafu safi na chakula hakijaguswa tangu jana jioni, usingoje kesho, piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo.