Maumivu kukoma si ishara kwamba figo imepona

MAUMIVU makali ya ubavu, yanayoanza ghafla na kushuka hadi kinenani, humfanya mtu agaegae kitandani na kukimbizwa hospitalini hata usiku wa manane. Yakitulia baada ya siku mbili tatu, wengi hurejea katika shughuli zao wakiamini kwamba tatizo limekwisha.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo ukiziba, maumivu yanaweza kutoweka ilhali kizuizi kingali mahali pake, na figo ikazidi kudhoofika bila mwenyewe kujua.

Kila figo huchuja damu, na mkojo hukusanyika katika mfuko mdogo ulio ndani yake. Kutoka hapo huteremka kwenye kibofu kupitia mrija wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, ambao tundu lake ni milimita chache tu. Misuli iliyo katika kuta za mrija huo hukaza na kulegea kwa zamu, ikiusukuma mkojo kidogo kidogo.

Mrija huo una sehemu tatu nyembamba zaidi: pale unapoungana na figo, pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapoingia kwenye kibofu. Vijiwe vingi hukwama katika mojawapo ya sehemu hizo.

Mkojo unapokosa njia, hurudi nyuma na kuifanya figo ivimbe. Shinikizo hilo ndilo huleta maumivu. Baada ya muda figo hupunguza utengenezaji wa mkojo, damu inayoifikia hupungua, na shinikizo hushuka. Mgonjwa hupata nafuu, lakini nafuu hiyo imetokana na figo kulemewa, si kupona.

Njia ikiwa imeziba kabisa, figo ikifunguliwa ndani ya siku chache aghalabu hurejelea hali yake. Wiki zinavyopita ndivyo uwezo huo unavyopotea, na sehemu iliyokufa haifufuki.

Chanzo cha kizuizi

Vijiwe ndivyo chanzo kinachojulikana zaidi. Huundwa na chumvi zinazogandamana pale mkojo unapokuwa mzito, hasa kwa watu wanaofanya kazi juani na kunywa maji kidogo.

Hata hivyo, si kila kizuizi ni kijiwe. Katika maeneo ya Pwani ya Kenya kama vile Kwale, Kilifi na Tana River, kuna kichocho cha njia ya mkojo. Mayai ya minyoo hiyo hunasa katika kuta za kibofu na sehemu ya chini ya mirija ya figo, yakaacha makovu yanayoibana njia. Kifua kikuu cha figo pia huacha makovu ya aina hiyo.

Kwa wanawake, saratani ya mlango wa uzazi inaweza kuenea na kuikaba mirija, kwa kuwa inapita karibu sana na kizazi. Madaktari wakikuta figo imevimba kwa sababu hiyo, saratani huhesabiwa kuwa imefika angalau hatua ya tatu. Aidha, mrija unaweza kukatwa au kushonwa kimakosa wakati wa upasuaji wa kutoa kizazi.

Kwa wanaume wenye umri mkubwa, tezi dume iliyovimba inaweza kuuzuia mkojo kutoka kwenye kibofu, hadi figo zote mbili zikaathirika. Nao watoto wengine huzaliwa na sehemu finyu pale figo inapoungana na mrija. Kasoro hii inaweza kuonekana katika picha ya mama mjamzito kabla mtoto hajazaliwa.

Jinsi ya kugundua

Wengi hudanganyika kwa sababu wanaendelea kukojoa kama kawaida. Figo moja ikiziba, ile nyingine hufanya kazi ya zote mbili. Hata kipimo cha damu kinachopima kreatinini, yaani taka ambayo figo huiondoa mwilini, kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Kwa sababu hiyo, damu na mkojo pekee havitoshi. Ni lazima figo zipigwe picha. Hatua ya kwanza huwa ni picha ya mawimbi ya sauti, ile inayotumiwa kwa wajawazito. Haina mionzi, na huonyesha upesi iwapo figo imevimba. Udhaifu wake ni kwamba aghalabu haikioni kijiwe kilichokwama katikati ya mrija.

Eksirei ya kawaida huonyesha vijiwe vyenye kalisi lakini haivioni vile vya asidi ya yuriki. Skani ya CT isiyotumia dawa ya kung'arisha picha ndiyo yenye uhakika zaidi, kwani hugundua zaidi ya asilimia 95 ya vijiwe na kuonyesha ukubwa na mahali pake.

Swali linalofuata ni iwapo figo yenyewe ingali hai. Kipimo maalumu hutumia dawa yenye mionzi kidogo inayodungwa kwenye mshipa, kisha kamera hufuatilia jinsi kila figo inavyoipokea na kuitoa. Jibu lake ndilo huamua kama figo itatengenezwa au itatolewa.

Homa ni dharura

Mgonjwa mwenye kizuizi akipata homa na kutetemeka, hapaswi kusubiri hata siku moja. Mkojo uliokwama umeingia viini, na viini hivyo vinaweza kuenea katika damu na kumuua kwa muda wa saa chache.

Hali kadhalika, mtu mwenye figo moja tu, au ambaye mirija yote miwili imeziba hata hakojoi, anahitaji huduma ya dharura.

Katika hali hiyo daktari hashughuliki kwanza na kijiwe. Humpa mgonjwa dawa za kuua viini na kuutoa mkojo uliokwama. Anaweza kupitisha mrija mdogo wa plastiki kutoka kwenye kibofu hadi ndani ya figo, au akadunga sindano mgongoni chini ya ganzi na kuacha mpira unaotoa mkojo hadi kwenye mfuko ulio nje ya mwili. Kijiwe chenyewe huondolewa baadaye, mgonjwa akishapata nguvu.

Upasuaji

Vijiwe vyenye upana usiozidi milimita 5 mara nyingi hutoka vyenyewe. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kuagizwa arudi kupigwa picha nyingine. Ni picha hiyo ya pili, wala si kutulia kwa maumivu, inayothibitisha kwamba njia imefunguka.

Vikubwa zaidi huhitaji kuondolewa. Mbinu moja ni kuvivunja kwa mawimbi ya mshtuko yanayopita mwilini bila kisu. Ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mnamo Februari 1980, na timu ya Dkt Christian Chaussy. Mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni ya ndege ya Dornier, ambayo wahandisi wake walikuwa wakichunguza mawimbi ya mshtuko.

Mbinu ya pili ni kupitisha kamera nyembamba katika njia ya mkojo, kupitia kibofu hadi kijiwe kilipo, na kukisaga kwa miale ya leza. Mgonjwa hachanjwi popote.

Kijiwe kilicho ndani ya figo na chenye upana unaozidi milimita 20 huondolewa kupitia tundu dogo mgongoni. Madaktari wa Uswidi walieleza mbinu hii mwaka 1976, na imechukua nafasi ya upasuaji wa zamani ulioacha kovu refu ubavuni.

Makovu na kasoro za kuzaliwa haziyeyushwi kwa dawa. Kwa sehemu finyu iliyo karibu na figo, daktari huikata, akaitupa na kuunganisha upya ncha zilizo nzima. Upasuaji huu, uliobuniwa na madaktari Anderson na Hynes nchini Uingereza mwaka 1949, ungali ndio kigezo hadi leo, na hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi. Siku hizi unaweza kufanywa kupitia matundu madogo tumboni.

Iwapo sehemu ya chini ndiyo iliyoharibika, mrija hukatwa juu ya kovu na kupandikizwa upya kwenye kibofu. Ukiwa mfupi, kibofu huvutwa juu kuufuata.

Figo ambayo uwezo wake umeshuka chini ya asilimia 10 ya kazi yote aghalabu hutolewa, hasa ikiwa inaleta maumivu au usaha, mradi ile nyingine iwe nzima. Hii ndiyo gharama ya kuchelewa.

Mrija unaosahaulika

Wengi hutoka hospitalini wakiwa na ule mrija wa plastiki ndani ya mwili. Huleta haja ya kukojoa mara kwa mara na maumivu kidogo ubavuni, lakini huwa umeachwa humo ili njia isibane tena.

Kosa ni kuusahau. Mrija huo ni wa muda, na kwa kawaida haustahili kukaa zaidi ya miezi mitatu hadi sita bila kutolewa au kubadilishwa. Ukiachwa, chumvi huuganda na vijiwe huota juu yake, hadi mrija uliowekwa kufungua njia ukageuka kuwa kizuizi kipya, tena kigumu kukiondoa. Mgonjwa anapaswa kuondoka hospitalini akiwa na tarehe ya kurudi iliyoandikwa.

Mazoea mengine ya kuepukwa ni kununua dawa za maumivu kila mara bila ushauri, kwani baadhi yake huidhuru figo ambayo tayari imelemewa. Isitoshe, kunywa maji kupita kiasi wakati njia imeziba hakukisukumi kijiwe. Huongeza shinikizo na uchungu.

Maji husaidia kabla na baada ya hapo. Aliyewahi kupata kijiwe anashauriwa kunywa maji ya kumfanya akojoe angalau lita 2 hadi 2.5 kwa siku na kupunguza chumvi chakulani. Kichocho hutibiwa kwa tembe za prazikwanteli kabla makovu hayajatokea, na chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa uzazi imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini Kenya tangu Oktoba 2019.

Kwa aliyepatwa na maumivu hayo yakapoa, au anayeona damu kwenye mkojo wake hata bila uchungu, picha moja ya figo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kijiwe kinachoondolewa kwa siku moja na figo inayopotea milele.