Watazamaji Walioicheka "Gravity"

Ikiwa mmepata kuiona picha ya sinema iitwayo "Gravity", bila shaka mmepata pia kuwasikia watu wakiicheka. Picha hiyo ilitolewa mwaka 2013 na Bwana Alfonso Cuarón wa Meksiko. Ndani yake Bibi Sandra Bullock na Bwana George Clooney ni wanaanga ambao chombo chao chavunjwa na vipande vya setilaiti. Mwezi wa Machi 2014 ilipata tuzo 7 za Oscar. (Usiku uleule Lupita Nyong'o, jirani yetu wa Kenya, alipata yake kwa picha nyingine, basi huku kwetu "Gravity" haikutajwa sana.)

Sifa hizo hazikuwafumba watu vinywa. Mwanafalaki Neil deGrasse Tyson wa Marekani aliuliza mbona nywele za Bibi Bullock zimelala kichwani hali vitu vingine vyaelea, na mbona daktari wa wagonjwa ametumwa kutengeneza darubini. Baadaye alisema kuwa aliipenda sana. Sisi hapa bwalo tulipoonyeshwa hatukuwa na huruma hata hiyo. Bwana Clooney alipofika mwisho wa kamba, akajifungua ili asimvute mwenzake shimoni, kijana wa Kidato cha Pili alipaza sauti, "Shimo gani?" Bwalo zima lilivunjika mbavu.

Swali lake lilikuwa la haki. Huko juu, kwenye kilomita 400, mvutano wa dunia haukosekani. Ni karibu sehemu tisa katika kumi za huu wetu. Watu huelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa mwendo mmoja, wakiizunguka dunia. Kamba ikisha kumsimamisha Bwana Clooney, hakuna kimvutacho upande wake zaidi ya upande wa mwenzake. Bibi yule angemvuta kwa kidole kimoja, naye angekuja. Wako waitetetao picha wakisema kuwa wote wawili walikuwa wakizunguka kama jiwe katika kombeo. Nimeitazama sehemu hiyo mara tatu, nami sikuona mzunguko wowote.

Safari yao ni mbaya zaidi. Darubini ya Hubble na kituo cha kimataifa hupita njia zilizopishana kwa nyuzi 23. Kutoka njia moja kuingia nyingine kwataka kubadili mwendo kwa kilomita 3 hivi kwa kila sekunde. Kifaa cha mgongoni kilichotumiwa kweli mwaka 1984 kiliweza mita 25 tu. Ni kama kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa kupiga maji kwa kijiko.

Lakini jambo moja hatukulicheka, wala halikustahili kuchekwa. Bwana Donald Kessler aliandika tangu mwaka 1978 kwamba vipande vyaweza kugonga setilaiti na kuzaa vipande vingine, navyo vikagonga tena. Novemba 2021 Urusi iliipiga setilaiti yake yenyewe kwa kombora, na watu 7 waliokuwa katika kituo cha kimataifa wakalazimika kujificha ndani ya vyombo vyao vya kurudia. Na tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Haikumwumiza mtu.